Nyumba Iliyouzwa Kipande kwa Kipande

Siku mliyotuaga mimi na mume wangu pale soko la vinyago la Mwenge, vijana wangu, mlitupa saa ya ukutani ya plastiki. Nimeitundika sebuleni na inakwenda vizuri, sina malalamiko. Nasema tu kwamba wachongaji safu nzima, watu wenye patasi na mikono yao miwili, mlikaa kikao, mkachangishana, mkamtuma mtu Kariakoo akanunue plastiki ya kumuagia mchongaji. Hapo nikajua kuna mambo hatukuwafundisha, na ndiyo maana nimekubali ombi lenu la kuandika haya.

Sitaandika nani alipata cheo gani kwenye umoja wetu wala nani alijenga ghorofa. Hayo mnayajua kunizidi, maana ndiyo mnayozungumza kutwa badala ya kunoa vifaa. Nitaandika kazi, na nyumba, kwa sababu kwetu sisi hivyo viwili havikuwahi kutengana, na hilo ndilo lililokuwa tatizo langu la maisha.

Niliingia Mwenge nikiwa binti, nikitokea Mtoni kwa baba yangu aliyekuwa fundi cherehani. Nilikuwa najua kuchora. Shuleni nilikuwa namchorea mwalimu wa sayansi moyo wa binadamu ubaoni, wanafunzi wananakili, nikaamini kabisa mimi ni msanii mkubwa ambaye dunia imechelewa kumjua. Nilibeba picha zangu kwenye mfuko wa rambo nikampelekea Bibi Sikudhani, mama mmoja aliyekuwa anajua kung'arisha vinyago kuliko mtu yeyote pale. Alizitazama moja moja, taratibu, kwa heshima zote. Kisha akaniuliza kama najua kufua. Nikamjibu najua. Akanipa kipande cha msasa na twiga mmoja.

Kusugua kinyago ni kuanza na msasa mkali na kumalizia na ule laini, na mkono ufuate njia ya mti, usiikatishe. Mimi niliikatisha. Tena nilisugua kwa bidii ya mtu anayetaka kusifiwa, mpaka twiga akabaki hana masikio wala pembe. Bibi Sikudhani hakunigombeza. Alimweka mbele kabisa ya meza, na mchana ule mtalii mmoja alimchukua kwa furaha kubwa, akiamini ni mnyama mwingine kabisa anayepatikana kwetu tu. Bibi akaniambia nisirudie, kwa sababu watalii wa aina ile hawaji kila siku.

Mengi ninayoyajua ni yake. Yeye ndiye aliyenionyesha namna ya kuyeyusha nta ya nyuki bila kuiunguza, na kwamba kitambaa bora cha kupakia ni kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka maandishi yamefutika. Majirani walikuwa wanapaka mti mweupe kiwi nyeusi ya viatu na kuuza kama mpingo. Bibi aliwaambia mti ukipakwa kiwi hauwi mpingo, unakuwa kiatu. Walicheka, wakaendelea kupaka, na wengine wao leo ni wazee wa kanisa na msikiti, wanaheshimika.

Hashimu alikuja mwaka uliofuata kutoka Newala, tezo lake la kuchongea limefungwa kwenye gunia na patasi zimeviringishwa kwenye kipande cha shuka. Alikuwa na tabia ya kukaa mbele ya gogo na kulitazama tu, muda mrefu, hafanyi kitu. Wenzake walidhani anaumwa. Akishaanza kuchonga, hasimami. Mimi nilimwona wa kawaida mpaka nilipogundua kwamba kila siku ananiletea ning'arishe vinyago ambavyo vimeshang'arishwa. Bibi Sikudhani ndiye aliyechoka. Alimwambia aende Mtoni kwa baba yangu haraka, kwa sababu anamalizia watu nta.

Tukaoana. Kazi tuligawana hivi: yeye anachonga, mimi nasugua, nang'arisha, natia rangi, na nikipata nafasi nachora picha zangu mwenyewe. Siku moja alikuja mgeni mwenye kamera, anataka kuandika habari za wanandoa wasanii. Alimuuliza Hashimu kuhusu maono yake, chimbuko la fikra zake na mustakabali wa sanaa ya Afrika. Mimi aliniuliza kama chai ina sukari. Habari ilipotoka, nilionekana kwenye picha, kiwiko changu.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, nitawapa moja. Ofisi fulani mjini, sitaitaja, ilimtuma msaidizi wa mkuu aje kuagiza kichwa cha mkuu wao kwa mpingo, cha kuweka mapokezi. Hashimu alichonga vizuri, mashavu yamejaa na masikio makubwa kama yalivyo. Kabla hatujakabidhi, mkuu akahamishwa. Msaidizi akarudi, akasema si vizuri kupoteza mti, tumchonge huyo mpya humo humo. Bahati nzuri mpya alikuwa mwembamba, ikawa kazi ya kupunguza. Naye hakudumu. Wa tatu alikuwa na masharubu, na masharubu yanataka mti, mti tulishaumaliza kwa wawili wa kwanza, ikabidi kichwa kizima kisogezwe nyuma. Mwisho msaidizi mwenyewe akakaimu ile nafasi. Alikuja kuchukua kichwa chake kikiwa na ukubwa wa chungwa. Alikishika kiganjani, akakigeuza, akatuambia amefanana mno.

Kutokana na kazi za namna hiyo tulipata kiwanja Boko, enzi ambazo watu wa mjini walikuwa wakituuliza kama huko umeme upo. Tukajenga chumba na sebule, tukaongeza jiko, kisha chumba cha mtoto alipozaliwa Zuhura. Kujenga na msanii ni mtihani. Hashimu hakutaka madirisha ya mraba, alitaka yawe na umbo la jani. Fundi dirisha wa kwanza alifungasha tepu yake akaondoka bila kuaga. Tuliishi na matundu yaliyozibwa na mabati kwa muda ambao sipendi kuukumbuka, lakini madirisha yalipokuja, nakiri, yalikuwa mazuri kweli.

Sasa niwaeleze desturi ya mume wangu. Nyinyi nyote mnajua kwamba mteja wa kwanza wa siku ndiye anayeifungua biashara, na mnajitahidi asiondoke mikono mitupu. Lakini nyinyi mnaamini kidogo tu, kama mtu anayevaa mkanda wa gari akiona askari. Hashimu aliamini moja kwa moja. Mjomba wake aliyemfundisha kuchonga alimwapisha kwamba mteja wa kwanza akishika kitu, kitu hicho ni chake, hata kwa bei ya kuumiza, la sivyo mkono wa mchongaji unafungwa. Nilimuuliza unafungwaje. Akanijibu mjomba hakusema, na kwamba ndiyo maana inatisha.

Pale Mwenge desturi hii haikuwa na madhara. Madhara yalianza dalali mmoja, Salumu, alipotumia akili yake. Salumu aligundua kwamba siku ya Hashimu haianzii Mwenge, inaanzia Boko anapofungua mlango. Tena wateja walikuwa na imani yao: kwamba msanii hujifichia vitu bora nyumbani kwake na mezani anaweka makapi. Salumu akaanza kuwaleta asubuhi mapema, Hashimu akiwa ndiyo kwanza anatoka msikitini.

Cha kwanza kuondoka kilikuwa meza ya chakula. Tulikuwa tunakunywa chai. Mteja aliishika, akaipapasa, Hashimu akanitazama kwa macho ya kuomba radhi, nami nikaondoa vikombe. Zikafuata stuli, kabati la vyombo, kioo cha ukutani na fremu yake. Kitanda chetu alikichukua mama mmoja wa makamo aliyetaka kujua kwanza kama kuna mtoto aliyezaliwa juu yake. Salumu alimwambia wapo wengi. Godoro walituachia.

Kila nilipolalamika, Hashimu alinijibu atachonga kingine kizuri zaidi. Na kwa kweli alikuwa anachonga kingine kizuri zaidi, ndiyo maana kilikuwa kinauzwa haraka zaidi. Majirani walituonea huruma wakidhani tunakamatiwa vitu na benki. Mwenyekiti wa mtaa alikuja siku moja kutuaga rasmi, amesikia tunahama. Ilibidi nimkaribishe mkekani nimweleze kwamba hatuhami, sisi ni wasanii.

Nilikuwa nacheka, lakini si siku zote. Zuhura akiwa darasa la tatu aliambiwa achore sebule ya kwao. Wenzake walichora makochi na televisheni. Yeye alichora mkeka, na pembeni yake mlango uko wazi. Niliiona ile picha nikaumia sana. Nilikuwa nimeolewa na fundi ambaye vitu vyake vimejaa kwenye nyumba za watu duniani, na mwanangu anadhani kiti ni kitu kinachopita tu kama mgeni.

Zuhura akakua, akawa mwalimu, akapata mchumba anayeitwa Idrisa. Baba yake Idrisa, Mzee Ramadhani, alikuwa askari magereza mstaafu anayeishi Segerea, mtu wa Kondoa, na sifa yake ilimtangulia kutufikia: mzee anayependa kila kitu kikae mahali pake. Wakatuma neno kwamba watakuja kuposa, yeye mwenyewe na wazee wawili. Dada yangu alijitolea kuniazima viti vya plastiki. Nikakataa. Nikamwambia Hashimu kwamba wakwe wa mwanangu hawataingia nyumba ya mchongaji wakakalia vitu vya kuazima, na mkekani hawatakaa. Nataka benchi refu la sebuleni, na nataka libaki.

Alilichonga miezi kadhaa, jioni akitoka kazini. Gogo la mninga. Kwenye egemeo alichonga watu, wakubwa kwa wadogo, wamebebana na kushikana, huwezi kusema huyu anaishia wapi na yule anaanzia wapi. Nilisugua mpaka vidole vikakosa alama. Halafu, kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu, nilichora kitu changu juu ya kazi yake bila kumuuliza: pindo la majani na korosho kuzunguka benchi zima, kama pindo la kanga. Hashimu alilitazama kama anavyotazama gogo. Akasema sasa limekamilika. Mimi nikamwambia neno moja, naye alijua sitanii:

"Baba Zuhura, benchi hili likitoka humu ndani, mie natoka nalo."

Alikwenda nje akakaa barazani.

Tatizo ni kwamba mchongaji akifanya kazi nzuri hawezi kunyamaza. Alilisimulia Mwenge. Asubuhi ya siku ya wageni, jirani yangu wa meza pale Mwenge alinipigia simu kabla sijaswali, akaniambia Salumu kalala usingizi wa furaha kwa sababu anamleta mwenye hoteli moja ya ufukweni, anataka benchi. Nilimwomba Hashimu tufunge mlango tu, tusifungue mpaka waondoke. Akasema kumfungia mteja wa kwanza mlango ni kumfukuza, ni mamoja. Alikuwa na huzuni ya kweli. Akavaa kofia yake akaenda msikitini, na mimi nikabaki nimelikalia lile benchi, nikiwaza nguo gani nianze kufungasha.

Ndipo akili ikanijia. Nilivaa gauni la kutokea, nikachukua mkoba na viatu, nikatoka nje, nikaurudishia mlango, nikajibanza pembeni ya nyumba. Aliporudi nilimwacha aingie kwanza. Kisha nikabisha.

"Hodi wenyewe."

Akafungua. "Mama Zuhura, vipi tena? Unatoka wapi?"

"Mie mteja. Ndo wa kwanza leo, labda kama huko msikitini umeuza kitu."

"Sijauza kitu."

"Haya. Mie nataka hili." Nikaingia, nikaweka kiganja changu juu ya benchi, nikakiacha hapo hapo.

Nilimwona anatafuta kosa katika jambo lile na halioni. Kisha, kwa sababu ni mtu mwaminifu kwa desturi yake hata inapomgeukia, akakohoa, akanitajia bei. Ilikuwa bei ya ajabu. Nikamwambia bei hiyo ni ya watu waliokuja na ndege, mie nimetokea chumbani. Akashusha kidogo. Nikageuka kama naondoka. Akashusha tena. Tukaelewana, nikamlipa kwa pesa yangu niliyopata kwa kuchora ukuta wa saluni moja pale Tegeta, naye akazipitisha noti juu ya patasi zake, kama anavyofanya kwa mauzo ya kwanza.

Salumu alipofika na mwenye hoteli alinikuta nimekaa katikati ya benchi, mkoba mapajani. Hashimu alimwambia limeshauzwa, kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo. Salumu akauliza kwa nani. Akaonyeshwa. Basi akanigeukia mimi, akaanza maneno yake matamu, na mimi nikamjibu kwamba sina mjomba Newala na sijaapishwa na mtu. Mwenye hoteli hakutaka kuondoka mikono mitupu, akachukua mbuzi ya kukunia nazi, na nasikia mpaka leo iko mapokezi kwake juu ya kibao cheupe, inamulikwa na taa. Mchana ule nazi ya wageni tulikunia kwa jirani. Mchele ulinunuliwa kwa pesa zile zile nilizolipa.

Mzee Ramadhani alifika kwa saa aliyosema, jambo ambalo Dar es Salaam ni karibu na utovu wa adabu. Alikaa kwenye benchi pamoja na wazee wake. Alitazama madirisha. Alipapasa egemeo, akapapasa pindo. Mimi nilikuwa mlango wa chumbani na wanawake wenzangu, nasikia yote. Akamsifu Hashimu kwa kazi, akamuuliza kama anaweza kumtengenezea la namna ile.

"La namna hii nitakutengenezea, mzee mwenzangu," Hashimu akasema. "Ila hili si langu. Ni la mwenye nyumba. Mie nilichonga tu."

Mzee akauliza mwenye nyumba ni nani. Mume wangu akaelekeza kidole mlangoni nilikokuwa nimesimama. Posa ikapokelewa.

Baada ya hapo nikawa mteja wa kudumu. Kila alipomaliza kitu cha nyumbani nilitoka nje alfajiri na mkoba wangu, nikabisha hodi, nikanunua. Nilinunua kitanda, meza, kabati, hata mlango wenyewe niliobisha. Pesa ilikuwa ni ile ile inazunguka: ananipa ya sokoni, namrudishia ya kitanda. Tulikuwa tunapatana bei kwa ukali kweli, asikuambie mtu, na mara mbili niliondoka bila kununua kwa sababu alinijibu vibaya. Salumu alituvumilia kwa muda, kisha akahamia udalali wa viwanja, na anafanya vizuri. Nyinyi mliooa na kuolewa humo humo kwenye kazi, fanyeni mtakavyo, lakini muwe na kitu kimoja mnachokikalia wenyewe.

Mwaka jana mkono wa kulia wa Hashimu ulianza kukosa nguvu. Patasi ikawa inamdondoka. Daktari alisema ni mishipa, alichonga mno maisha yake. Yeye aliutazama ule mkono siku nzima, akanieleza kwamba hajui amemkatalia mteja gani. Nilimwambia ni uzee. Ndipo tukawaaga, mkatupa saa.

Tangu tustaafu sikuwa nanunua tena. Niliona hakuna haja, si mfanyabiashara tena, hana siku ya kufungua. Kumbe siku yake ilikuwa bado inafunguliwa kila asubuhi, ila haji mtu.

Wiki iliyopita, asubuhi, walikuja. Kijana na mkewe, wanajenga Bunju, wanatafuta vitu vya ndani, wameelekezwa kwetu na fundi wao. Nilikuwa jikoni nakanda chapati. Nilisikia salamu, shikamoo, marahaba. Nikamsikia yule binti anasema hili benchi jamani, na nikajua kalishika, maana sauti yake ilikuwa imeinama. Kisha nikasikia kimya. Kimya hicho nakifahamu. Ni Hashimu anapanga bei. Nilitaka kutoka niwaambie ni langu, nililinunua, nikajizuia. Nilitaka kwanza kusikia.

"Hapa hapauzwi kitu, mwanangu," akasema. Nikamsikia anavuta pumzi kama mtu anayesubiri paa limwangukie. "Hapa panakaliwa. Kaeni, mama analeta chai."

Nililia pale pale, mikono imejaa unga, na sioni aibu kuwaandikia. Kisha nikaongeza maji kwenye sufuria, maana wageni walikuwa wameshakaa.